Ngozi au nailoni kwa mikanda ya punda? Nilichagua ngozi, Kukhu akiwa juu ya mkokoteni

Wakuu, habari za mchana huu. Wale wa kwetu Magharibi, mulembe.

Mimi humu nimekuwa mtu wa kusoma tu. Nasoma vituko vyenu, nacheka peke yangu mpaka mke wangu anauliza kama simu imenitekenya, halafu nalala.

Leo ni zamu yangu. Na nitakachosema ni kweli. Naongezanga chumvi, sikatai, lakini chumvi yangu haijifichi. Mtaionja wenyewe na kuiweka pembeni ya sahani.

Kilichonitoa pangoni ni hiki. Juzi nilipotea mtandaoni nikaangukia jukwaa la watu wa ng'ambo wanaofuga farasi wadogo. Wadogo kabisa, kimo cha mbuzi wa maziwa. Wanawafunga kwenye vigari wanazunguka nao kwa maonyesho.

Sasa kule kulikuwa na vita. Mikanda ya kumfungia farasi, iwe ya ngozi au ya synthetic, yaani nailoni?

Mmoja anasema ngozi ina heshima, inalainika na kufuata mwili wa mnyama. Mwingine anasema synthetic ni nyepesi, unaiosha kwa mpira wa maji, haiozi. Wa tatu anawaambia wote wawili ni wajinga. Nilisoma mpaka chai ikaota ngozi yake yenyewe.

Na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo lingeniokoa mimi miaka ile: njia mnayopita ina nini?

Turudi nyuma. Miaka ya tisini, Kakamega.

Kwetu ni Lurambi. Nilikuwa kijana wa mkokoteni. Mchana napeleka watu maji na magunia ya mahindi, jioni naingia shule ya jioni nikiwa bado nanuka punda. Walimu walikuwa wanafungua madirisha nikifika. Lakini nilimaliza, cheti nikapata, na cheti kile nilitembea nacho ndani ya shati mpaka kikachukua umbo la kifua changu. Kwa hivyo nikitaja friction na force humu, jueni sikuziokota sokoni.

Punda wangu alikuwa anaitwa Meneja. Nilimpa jina hilo kwa sababu alipenda kusimama akiangalia wengine wakifanya kazi, na ukimuuliza kitu anageuza uso.

Meneja hakuwa mkubwa. Nikisema alikuwa mdogo kuliko baadhi ya mbwa wa Lurambi, hiyo ni ile chumvi. Lakini hawa farasi wa jukwaani wangemuona ndugu yao.

Kwa wale hamjawahi kufunga punda, nieleze haraka. Mikanda ya maana ni mitatu. Wa kifuani ndio punda anaovutia mzigo. Wa mgongoni unabeba ile miti miwili ya mkokoteni, mmoja huku, mwingine huku. Na wa nyuma, unaozunguka makalio, ndio breki. Ukiteremka mlima bila mkanda wa nyuma, mkokoteni unampita mwenye kuuvuta.

Mikanda yangu ya kila siku ilikuwa ya nailoni. Ilishonwa na fundi wa viatu pale mjini, Barasa, kutoka kwa mishipi ya viti vya lori lililokufa. Imara ajabu. Ungeweza kuvuta nayo Mlima Elgon uusogeze Lugari. Lakini ilikuwa nyembamba, na ukingo wake mkali. Mzigo ukizidi inamla Meneja kifuani. Wakati wa kisa hiki alikuwa na kidonda pale, kinaanza kupona.

Sasa likaja suala la arusi.

Dada yangu mdogo, Rispa, alikuwa anaolewa upande wa Isukha, na arusi ilikuwa ifungwe kanisa la kwa bwana harusi. Rispa alilelewa na Kukhu. Kukhu ni nyanya yetu, mama mzaa baba, kwetu ndivyo tunavyowaita. Alimbeba mgongoni tangu ananyonya, akamlipia mpaka daftari kwa kuuza mboga. Na Rispa alikuwa ametangaza mbele ya wazee wa pande zote mbili: "Kukhu asipofika, mimi siingii kanisani. Nitasimama nje na hilo gauni mpaka linyeshewe."

Tunamjua Rispa. Angesimama.

Kuna mkuu ameshauliza hapo chini kwa nini hatukukodi gari. Mkuu, nilijua utakuja. Mwaka ule mvua ilikuwa imekata barabara ya kule kanisani. Magari yaliishia sokoni, kutoka hapo ni miguu, na miguu ya Kukhu ilikuwa imevimba, hatembei zaidi ya kutoka jikoni hadi mlangoni. Halafu Kukhu na gari hawakuwa wanaelewana. Mara ya mwisho kupanda alitapika toka Lurambi hadi hospitali, na dereva akaapa hatarudi.

Kwa hivyo macho yote yakageuka kwangu. Mimi na Meneja.

Wakuu, nilicheka mbele yao. "Hiyo ni kazi ndogo!" Lakini nilijua nadanganya.

Kubeba mahindi ni kitu kimoja. Gunia likianguka unalirudisha. Kukhu akianguka unaenda kusema nini? Unamwambia baba yako nini? Na kule njiani kuna miteremko miwili ambayo hata mbuzi wanaishukia kwa maombi.

Nikaanza kuwaza mikanda.

Nailoni haikatiki, lakini ikimkata Meneja kwenye kidonda katikati ya mteremko, anasimama. Na Meneja akisimama amesimama. Au, mbaya zaidi, anaruka, na Kukhu yuko juu.

Ngozi ni pana na laini, haimuumizi. Lakini ngozi ikinyeshewa inavutika, na ikikauka inakakamaa, na ikizeeka inakatika bila kukuaga.

Nikaita mkutano wa familia. Kosa la kwanza.

Baba alisema nailoni, kwa sababu ameiona ikivuta lori. Mama alisema ngozi, kwa sababu anamhurumia punda. Barasa, ambaye hakuwa wa familia ila alifuata harufu ya kuku, alisema kazi yake isitukanwe.

Kukhu alikuwa amekaa pembeni na obusuma wake, ugali wa kwetu, anatafuna polepole. Akamaliza, akanawa, akasema:

"Hiyo ya nailoni ni ya kufunga mizigo?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Mimi ni mzigo?"

Baba akaangalia sahani yake.

"Nimewauliza. Mimi ni mzigo?"

"Hapana, Kukhu."

"Basi tafuteni ngozi. Mimi si mzigo."

Barasa akachukua paja lake la kuku akaondoka.

Ngozi ilipatikana kwa Mjomba Festo. Huyu ni kaka ya mama, anaishi huko huko Isukha, na huko mnajua ni kwa fahali. Jumamosi asubuhi watu hawaendi shamba, wanaenda kuona fahali wakipigana. Mjomba alikuwa na fahali wake, Bulldoza. Aliimbiwa nyimbo. Alikuwa analala karibu na nyumba kuliko mke wake.

Mvua hizo hizo zilimmaliza. Mtaro ulibomoka, Bulldoza akateleza akavunjika mguu, akachinjwa. Mjomba hakugusa nyama yake. Ngozi tu ndiyo aliichukua, akaiwamba kwa vigingi, akaikwangua, akakataa kuiuza. Aliposikia shida yetu akaja nayo begani.

"Mkanda wa Bulldoza," alisema. "Huu haujui kushindwa. Utambeba Kukhu mpaka madhabahuni."

Alikuja pia na mkebe wa mafuta ya huyo huyo fahali, ya kuilainisha. Tukakata, tukatoboa, tukafunga kwa kamba za ngozi ile ile, hakuna hata buckle moja. Nikaipaka mafuta kila nilipokumbuka, na nilikuwa nakumbuka kila dakika. Wasiwasi ulikuwa umenishika mpaka nikawa napaka hata mti wa mkokoteni.

Kidogo ilinuka. Lakini mimi ni mtu wa punda, pua yangu ilikuwa imestaafu zamani.

Nikafanya test drive. Nilipigilia kiti cha mbao chenye mikono juu ya mkokoteni, nikaweka gunia la mahindi lenye uzito wa Kukhu, nikalifunga leso ili niwe serious. Tukaenda kwa lami mpaka Shieywe na kurudi. Jua lilikuwa kali.

Kule Shieywe kina mama walisimama kwenye mageti.

"Bwana mkokoteni, umeoa gunia?"

"Ndiyo, na halinijibu vibaya!"

Walicheka, nikacheka, lakini macho yangu yalikuwa kwa ile mikanda tu. Na niwaambie, ilifanya kazi kama ndoto. Meneja alitembea kama mtu aliyevaa suti. Kidonda hakikuguswa. Mteremkoni mkanda wa nyuma ukashika bila kulalamika.

Pale ndipo nilipojidanganya. Nilipima nguvu, nikapima kidonda, nikapima mteremko. Lakini nilipimia kwenye lami, kwenye jua, mtaani ambako mnyama mkubwa kuliko wote ni paka.

Ile nailoni sikuitupa. Niliona kiti cha Kukhu kitamrusha, hivyo nikaamua kumfunga kiunoni na kwenye kiti kwa mshipi wa lori. Nilijua atakataa. Nikamwambia ni seat belt, na mawaziri wote wanafungwa hivyo kwenye gari zao.

Akafikiri.

"Waziri mwenyewe anafungwa?"

"Kabisa, Kukhu."

"Kaza."

Siku ikafika. Tulitoka mapema, manyunyu yakianguka. Si mvua kubwa, ile ya kulowesha tu. Kukhu kwenye kiti chake, gauni la buluu, shali mpya nyeupe aliyonunuliwa na Rispa mwenyewe, mwavuli mkononi. Mimi mbele nimemshika Meneja. Mjomba Festo, aliyelala kwetu ili atusindikize, nyuma.

Wasiwasi wangu wote ulikuwa kwa manyunyu. Ngozi inalowa. Itavutika? Kila baada ya hatua kadhaa nilisimama nikashika mafundo. Yalikuwa yanajaa maji na kukaza kama ngumi. Nikasema afadhali, yakikaza ni vizuri.

Tukaacha lami, tukaingia barabara ya udongo.

Boma la kwanza kulikuwa na ng'ombe amefungwa kando ya njia. Tulipokaribia aliinua kichwa. Akavuta hewa. Halafu akatoa sauti ndefu, ya chini, inatoka tumboni, huku anavuta kamba.

"Anasalimia arusi," alisema Mjomba.

Boma la pili, mitamba miwili ilitufuata ndani ya ua, pua juu, mpaka ua ukaisha. Wakabaki wanalia.

"Hawa nao wamealikwa?" aliuliza Kukhu.

Tukacheka. Wakuu, tulicheka! Watu watatu tuliozaliwa katikati ya ng'ombe, tuliokua na ng'ombe. Kila mtoto wa kwetu anajua ukichinja ng'ombe mahali, wenzake wakipita hapo wananusa damu, wanalia, wanachimba udongo kwa kwato. Tunajua! Lakini akili yangu ilikuwa kwenye mafundo, ya Mjomba ilikuwa kwa majonzi yake, na ya Kukhu ilikuwa kanisani tayari.

Mafuta ya Bulldoza yalikuwa yameamka na maji. Tulikuwa tunatembea na msiba tumeuvalisha punda.

Mteremko wa kwanza tukashuka salama. Nikaanza kupumua. Hapo nikasikia ngoma.

Isukuti. Zinakuja upande wetu, na filimbi, na watu wameshika matawi, wanakimbia kwa ule mwendo wa kuruka-ruka. Katikati yao fahali mweusi, pembe zimechongwa, shingo kama nguzo ya kanisa. Walikuwa wanampeleka uwanjani kupigana.

Njia ilikuwa nyembamba. Upande huu ukingo wa udongo, upande huu mtaro.

Aliyeshika kamba ya fahali alikuwa mtu mrefu anayeitwa Shikanga, Mjomba alimtambua kwa mbali. Alituona, akapiga kelele:

"Nyinyi watu wa punda! Tokeni njiani! Huyu hana breki!"

"Na huyu wangu hana reverse!" nikamjibu.

Niliweza kutania kwa sababu bado sikuwa nimeelewa.

Fahali alisimama ghafla. Wale wa nyuma wakagongana. Akainua pua. Akatoa ile sauti, lakini ya kwake ilikuwa kama lori linalopanda mlima na mzigo wa miwa. Wapiga ngoma wakafurahi, wakadhani ameiva kwa vita, wakazidisha.

Akaanza kuja. Shikanga akachimba visigino kwenye matope, akaburutwa kama mtoto na kite.

Nilimvuta Meneja. Meneja akafanya anachokifanya punda akiogopa. Hakukimbia. Alisimama kama amepandwa pale.

Nikaruka nimfungue Kukhu. Mshipi wa lori nilikuwa nimeufunga nyuma ya kiti ili asiuguse, na mikono yangu ilikuwa na mafuta ya fahali. Fundo linateleza tu. Nilijaribu kwa meno. Wakuu, nilikuwa natafuna fundo na kuomba kwa wakati mmoja.

"Mwana wanje," Kukhu aliniambia, sauti tulivu kabisa, "huyu ng'ombe ni wa nani?"

Nikarudi kwenye fundo. Fahali alikuwa ameshafika.

Hakumpiga Meneja. Hilo ndilo lilinichanganya. Alileta pua yake kwenye mkanda wa kifuani, akanusa, akalia. Akapiga magoti ya mbele, akachimba matope, akainuka, akanusa tena. Na alipoinuka pembe yake ikaingia chini ya mti wa mkokoteni.

Mkokoteni ukanyanyuka upande mmoja.

Nikaona gurudumu likiacha ardhi. Nikaona kiti kikilala upande wa mtaro, na Kukhu ndani yake, shali imefunguka kama bendera. Nilishika mguu wa kiti. Nilichosema wakati huo si cha kuandika humu.

Kiti kililala. Kukhu hakuanguka. Nailoni ilimshika kiunoni akabaki ananing'inia kwenye kiti chake kama waziri kwenye kona mbaya.

Na Kukhu, badala ya kupiga mayowe, alikunja mwavuli akamchapa fahali puani.

"Wewe! Ondoka! Nina arusi mimi!"

Fahali akavuta kichwa, pembe ikatoka, mkokoteni ukarudi chini puu! Ngoma zilikuwa zimenyamaza.

Shikanga akaja anahema. "Mmebeba nyama?"

"Tumebeba Kukhu," nikasema.

Akashika mkanda wa kifuani, akanusa vidole vyake. Uso ukabadilika.

"Hii ngozi ni ya nani?"

Mjomba Festo alikuwa amefika mbele, ameweka mkono kwenye shingo ya Meneja.

"Ni Bulldoza," alisema.

Wale watu wote wakatoa sauti moja. Bulldoza walimjua. Na huyu mweusi, Tingatinga, ndiye alipigana naye mwisho, akafukuzwa mpaka kwenye mahindi ya watu.

Fahali alikuwa anarudi. Akanusa mkanda, akasukuma kifua cha Meneja kwa paji la uso. Meneja akaanza kutetemeka, miguu yote minne. Nikajua sasa hivi ataruka.

"Toeni hiyo mikanda!" Shikanga akapaza sauti. "Hamtoki hapa nayo!"

Nikashika mafundo. Yale niliyosema yakikaza ni vizuri! Yalikuwa mawe. Shikanga akachomoa panga.

Mjomba akaushika mkono wake.

Nilidhani anakataa. Nilitaka kumpigia kelele, Kukhu yuko juu pale, hii ni ngozi tu, Mjomba. Lakini alichukua lile panga.

"Nipe," alisema. "Mimi ndiye nilimvika."

Akakata wa nyuma. Akakata wa mgongoni. Wa kifuani alikata mwisho, amesimama katikati ya punda na fahali, na pua ya Tingatinga iko kwenye bega lake. Ngozi yote ikaanguka matopeni.

Vijana wakashika miti ya mkokoteni isianguke, nikamtoa Meneja kati yake. Safari hii alitembea.

Fahali hakutufuata. Alisimama juu ya ile ngozi akalia. Shikanga alivuta kamba, wengine wakasukuma, hakuna aliyemwondoa pale. Vita vyao vya siku hiyo viliishia hapo barabarani.

Nikaangalia jua. Halikuwepo, lakini nilijua muda umeenda. Kanisa lilikuwa bado mbele, na mteremko wa pili. Mkokoteni upo, punda yupo, mikanda hakuna. Nikakaa kwenye matope. Niliona Rispa amesimama nje ya kanisa, gauni linalowa.

"Mbona unakaa?" Kukhu alisema.

"Mikanda imeisha, Kukhu."

"Na hii niliyofungwa mimi ni nini?"

"Hiyo ni nailoni. Itamkata kwenye kidonda."

Kukhu akaivua ile shali nyeupe. Mpya. Ya arusi. Akanirushia.

"Mfunge na hiyo kwanza. Nailoni juu yake. Haraka."

Nikafuta mikono, nikamfungua Kukhu, nikamkunjia Meneja shali kifuani mara kadhaa, nene kama godoro, nikapitisha mshipi wa lori juu. Wa mgongoni tukatengeneza na kamba ya Shikanga ya akiba. Mkanda wa nyuma nailoni haikutosha. Breki hatukuwa nayo.

Shikanga akaangalia fahali wake, ambaye hakuwa na habari na mtu. Akaangalia Kukhu. Akapiga filimbi.

"Hatuna mchezo leo. Twendeni arusi. Vijana, shikeni huu mkokoteni nyuma, mteremkoni nyinyi ndio breki. Wawili juu, mshikilieni mama."

Akamwacha mtu mmoja na kamba. Mjomba naye alibaki.

Wakuu, hivyo ndivyo Kukhu alivyofika kanisani. Hajafungwa, ameshikwa na wapiga isukuti wawili huku na huku, wengine wanavuta mkokoteni nyuma kwa visigino, wengine wanapiga ngoma, na punda amevaa shali ya Kukhu. Kelele zilitangulia mbali.

Rispa alikuwa nje. Gauni limelowa mpaka magotini. Pasta amesimama mlangoni anaangalia saa, wazee wa pande zote mbili wamevimba. Aliposikia ngoma akatoka mbio kwenye matope na viatu vyake vyeupe.

Kukhu hata hakushuka kwanza. Alishika kichwa cha Rispa kwa mikono miwili, akamtemea mate kidogo ya baraka kwenye paji la uso.

"Umenikalisha kwenye mvua?" Rispa akalia na kucheka.

"Nilikuwa nachapa ng'ombe," Kukhu akamwambia. "Ingia."

Wakaingia.

Mjomba Festo alifika watu wakiwa wanakula. Ngozi ilikuwa begani mwake, imekatwa vipande vitatu, imejaa matope. Tingatinga alikuwa ameondoka mwenyewe, alipomaliza. Mjomba alikaa karibu nami, akawekewa chakula hakukigusa.

"Ulimuona?" aliniuliza.

"Nilimuona, Mjomba."

"Adui yake yule. Na amemlilia kuliko mimi."

Nilitaka kusema kitu cha maana, mtu wa cheti mimi. Nikamsogezea maji anawe. Akanawa, akala.

Jioni wenyeji walitaka vijana wambebe Kukhu kwa kiti begani mpaka sokoni, kwa heshima. Akakataa.

"Mimi si mzigo. Nina punda wangu." Halafu akanigeukia. "Na ule mshipi wa waziri uko wapi? Gawanyeni, mimi pia nifungwe."

Barasa alipopata hiyo habari aliitembeza mji mzima. Aliniongezea mishipi mingine, mipana, na chini yake akashona blanketi kuukuu. Kidonda cha Meneja kikapona. Ngozi ile Mjomba aliiosha, akaitundika ndani kwake, na haikuvaliwa tena na mnyama.

Sasa somo, kwa wale walioshuka moja kwa moja mpaka hapa.

Ngozi si mbaya. Nailoni si mbaya. Ngozi iliyotengenezwa vizuri na mtu wa kazi haina shida hiyo, yetu ilikuwa nusu mkanda nusu matanga. Nailoni weka kitu laini chini yake. Lakini ukijaribu mikanda, ijaribu kwenye njia ile ile utakayopita, na hali ya hewa ile ile, na wanyama utakaokutana nao. Mimi niliogopa sana, usiku na mchana, na bado niliogopa kitu kisichokuwa chenyewe. Hofu nyingi si sawa na kufikiri vizuri.

Kukhu alishatangulia, miaka mingi sasa. Siku ya kumzika, Rispa alileta ile shali. Ilikuwa imefuliwa, nyeupe, lakini upande mmoja doa la kidonda cha Meneja halikutoka kamwe. Tukamfunika nayo doa likiwa juu. Ni Rispa aliyetaka hivyo.

Haya, wafugaji na watu wa mikokoteni, uwanja ni wenu. Nyinyi mnafunga na nini? Na kuna mwingine humu ambaye ng'ombe walimwambia kitu njiani, yeye akadhani anasalimiwa?